Jinsi ya kuchora karatasi ya mifano ya tatuu kwa njia ya Sailor Jerry, ukiwa Mombasa

Marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi ya ubaharia katika meli za mizigo kwa miaka mingi, alikuwa na michoro miwili kwenye mkono wake wa kulia. Mmoja ulikuwa nanga, na wa pili ulikuwa jina la mwanamke ambaye nyumbani kwetu hakutajwa. Nilipopata akili, michoro yote miwili ilikuwa imenizidi umri, lakini ile nanga ungeitambua ukiwa upande wa pili wa ua, ilhali lile jina, lililoandikwa kwa herufi nyembamba za kujikunjakunja, lilikuwa limegeuka waa la buluu, kama wino uliomwagikiwa maji. Mkono ni ule ule, jua ni lile lile, na mjomba alisema alichorwa yote mawili katika juma moja. Kilichotofautiana ni uchoraji tu, na jambo hilo ndilo litakalotushughulisha hapa.

Karatasi ya mifano ni ile inayotundikwa ukutani mwa kibanda cha mchora tatuu, ili mteja aingie, anyooshe kidole na kusema anataka hii au ile. Mwongozo huu unafundisha kuichora karatasi hiyo, haufundishi kumdunga mtu sindano. Nimeshikilia karatasi kwa sababu ndiyo mlango wa kuingilia katika kazi hii, na kwa sababu hapa Mombasa tuko wengi ambao dini haituruhusu mchoro wa kudumu mwilini, lakini hatuna neno na picha iliyoko ukutani.

Mwenyewe alikuwa nani

Sailor Jerry, yaani Baharia Jerry, lilikuwa jina la kazi la Norman Keith Collins, aliyezaliwa tarehe 14 Januari 1911 mjini Reno, jimbo la Nevada, Marekani. Ujanani alizurura nchini mwake kwa kudandia magari-moshi ya mizigo, akajifunza kwanza kuchora kwa kudunga sindano kwa mkono, kisha akafundishwa mashine ya umeme mjini Chicago na fundi aliyejulikana kwa jina la Tatts Thomas. Alipofika miaka 19 alijiunga na jeshi la wanamaji, na katika miaka ya 1930 akaweka makao Honolulu, Hawaii, ambako alikaa hadi kifo chake tarehe 12 Juni 1973. Kibanda chake cha mwisho kilikuwa nambari 1033, Smith Street, katika mtaa wa Wachina, karibu na Hotel Street, mtaa ambao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulifurika askari na mabaharia waliopewa saa chache za nchi kavu kabla ya kurudishwa vitani.

Mashine hakuibuni yeye. Samuel O'Reilly wa New York alikuwa amepata hataza yake tangu mwaka 1891, akiwa ameegemea kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Wala nanga, waridi na moyo uliochomwa jambia havikuwa vya Jerry, kwani vilikuwapo kwenye mikono ya mabaharia kabla hajazaliwa. Alichofanya ni kuusafisha ufundi huo kila upande. Alipanga upya vifungu vya sindano ili rangi iingie bila kuitafuna ngozi. Alitafuta rangi ambazo wenzake hawakuwa nazo, hasa zambarau iliyokaa bila kupotea. Alikuwa miongoni mwa mafundi wa mwanzo kutumia sindano mara moja na kuitupa, na kuvichemsha vifaa kwa mvuke wenye shinikizo kama wafanyavyo hospitalini. Tena aliandikiana barua na mabingwa wa Japani, akiwemo Horihide wa mji wa Gifu, akabadilishana nao michoro na maarifa, na huko ndiko alikojifunza kuutazama mgongo mzima kama ubao mmoja badala ya kubandika picha ndogondogo hapa na pale. Mwanafunzi wake Don Ed Hardy alikwenda kukaa kwa Horihide mwaka 1973. Jerry alikuwa ameacha wosia kwamba kibanda chake kiuzwe kwa mmoja wa watu watatu aliowaamini, Hardy, Mike Malone au Zeke Owen, na kama hakuna atakayekichukua basi kichomwe moto. Malone akakichukua.

Wasia wa namna hiyo unaeleweka vizuri kwa mtu wa pwani, aliyewahi kumwona fundi seremala akikataa kuuza patasi zake kwa asiyejua kuzinoa. Nalo neno lenyewe si geni kwa masikio yetu: limetoka kwa Wapolinesia, ambao husema tatau, na sisi tunaposema tatuu tumelirudisha karibu na kwao kuliko Waingereza waliotuletea.

Vifaa, na unyevu wa Mombasa

Tafuta karatasi nzito ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uikate iwe na upana wa sentimita 28 na urefu wa sentimita 36, kipimo ambacho mafundi wa Marekani wamekizoea. Utahitaji pia wino mweusi wa kuchorea usioyeyuka ukishakauka, penseli ya HB, karatasi nyepesi inayopitisha mwanga kwa ajili ya kunakilia, brashi moja nyembamba yenye ncha kali, na brashi mbili nene kidogo zinazolingana. Rangi ni nyekundu, manjano, kijani na kahawia. Ukiwa na buluu na zambarau, zitumie kwa uchache. Mtu anayejifunza akinunua kisanduku cha rangi 36 amejitafutia balaa, kwa kuwa mtindo huu unapata nguvu zake katika umaskini wa rangi.

Adui yako wa kwanza ni hewa. Karatasi ya Mombasa hunywa unyevu wa bahari hata ikiwa kabatini, hujikunja pembe, na wino ukiupitisha juu yake hutambaa pembeni kama mizizi. Bandika karatasi kwenye kipande cha plaiwudi kwa tepu ya karatasi pande zote nne, uiloweshe kidogo kwa sponji, uiache ikauke na kujivuta yenyewe kabla hujagusa penseli. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimaliza karatasi mbili katikati ya mvua za Mei, nikazitia ndani ya mfuko wa plastiki zikiwa bado na ubaridi, nikazisahau juma zima, na nilipozitoa, mbayuwayu wangu wote walikuwa wameota ukungu wa kijivu tumboni. Siku hizi mvua za masika zikianza huchora kwa penseli tu, na kazi ya wino naisubirisha hadi hewa ikauke.

Kuchagua la kuchora

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa hufungua simu, wakanakili tai wa Marekani na msichana wa Hawaii mwenye sketi ya nyasi, wakajiona wamerithi. Michoro ya Jerry ilikuwa lugha ya watu wa kazi moja. Mbayuwayu mmoja alimaanisha maili 5,000 za baharini, yaani kilomita 9,260 hivi. Kasa alikuwa alama ya aliyevuka ikweta, na meli iliyotandaza matanga yote ilikuwa ya aliyeizunguka rasi ya Horn, kwenye ncha ya kusini ya Amerika. Nguruwe kwenye mguu mmoja na jogoo kwenye mguu wa pili vilikuwa kinga ya kufa maji, kwa sababu, kama walivyosimulia mabaharia wenyewe, wanyama hao walisafirishwa ndani ya masanduku ya mbao, na meli ilipozama masanduku yalielea hadi ufukweni. Mteja hakuchagua picha kwa kuwa inapendeza tu. Alichagua anachoweza kukithibitisha.

Kwa hiyo jiulize watu wa bahari ya hapa wanaweza kuthibitisha nini. Mbayuwayu hatuhitaji kumbadilisha hata unyoya. Yule mwenye mkia wa panda na koo jekundu aliyejaa kwenye karatasi za Jerry ndiye huyo huyo anayetujia kila mwaka akiikimbia baridi ya Ulaya, na msimu wa kaskazi utamwona amejipanga na wenzake kwenye nyaya za umeme. Kasa naye ni wetu, na kwa nahodha wa jahazi aliyezoea kupanda Uarabuni, ikweta ni njia ya kila mwaka. Nguruwe hatampata mteja Mji wa Kale, lakini jogoo peke yake hana kosa.

Badala ya meli ya milingoti mitatu, chora jahazi, ila ulichore kwa kulitazama. Nenda upande wa bandari ya zamani, uombe ruhusa kwanza, ukae chini na penseli. Utaona jambo ambalo wachoraji wa kadi za watalii hulikosea karibu kila siku: mlingoti wa jahazi hausimami wima, huinamia mbele kuelekea omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huteremka upande wa omo na kupanda juu sana upande wa tezi, yaani nyuma, hivi kwamba tanga la pembetatu linakuwa kama bawa lililoinuliwa. Ukisimamisha mlingoti wima umechora mashua ya starehe. Na anayetaka kitu cha kale zaidi achore mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari na kutwekwa tanga la mkeka la pembe nne. Sijaona fundi aliyeutia kwenye karatasi yake, nami naona ni upungufu.

Hata nanga ina maneno yake. Ile ya mikono miwili aliyoichora Jerry, na ambayo mjomba aliibeba, wazee wa bahari huiita baura. Nanga ya jahazi ina kulabu nne. Baura inasomeka vizuri zaidi kwa kuwa ni bapa na ina pande mbili zinazolingana. Mimi huichora hiyo, lakini kwa kujua ninachokichora.

Liko jambo moja la kuliheshimu. Mwili uliochorwa si mgeni kwetu: Wamakonde wa Kwale, ambao serikali iliwatambua kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2016, wana wazee wenye nembo za chale usoni, na kila mstari una maana kwa wenyewe. Usizinyofoe nembo hizo ukazipanga kwenye karatasi kama pambo. Jerry alipotaka ya Wajapani aliandika barua, akauliza, akatoa na vyake. Mzee wa Kimakonde yuko umbali wa kivuko cha Likoni na nauli ya matatu. Nenda ukamwamkie, na kama akikataa, yamekwisha.

Wasichana walio uchi niliwaacha pia. Watu wanaoutukuza mtindo huu huwachukulia kuwa ndio moyo wake, lakini mimi sioni kwamba karatasi inapungukiwa na kitu ukimchora mwanamke aliyejifunga leso mbili, yaani kanga, akitazama baharini, na bahati nzuri mikunjo ya leso inampa mchoraji nafasi ya weusi ambayo mapaja hayampi.

Penseli

Anza na umbo, uache mapambo. Chora mbayuwayu kwenye karatasi nyepesi, kisha umjaze wote kwa penseli hadi awe kivuli kitupu. Ikiwa mtu hatamtambua katika hali hiyo, hakuna manyoya yatakayomsaidia. Weka karatasi nyingine nyepesi juu yake na umnakili, ukiondoa mstari mmoja au miwili; kisha nyingine tena. Kufikia mara ya tano utabaki na mistari ambayo ukiuondoa mmoja ndege anakufa, na hapo ndipo pa kusimama. Dirisha lenye jua la asubuhi linatosha kuwa meza ya mwanga.

Mstari

Kila mstari wa nje uwe na unene wa milimita mbili hivi, wa ndani nusu yake, na kati ya mstari na mstari pabaki nafasi isiyopungua unene wa mistari miwili. Sababu yake haiko kwenye karatasi, iko kwenye ngozi. Wino wa tatuu hukaa milimita moja au mbili chini, katika tabaka la pili la ngozi, na huko humezwa na chembe hai zinazolinda mwili. Chembe hizo zinapokufa, nyingine huzimeza punje zile zile za wino, na hivyo mchoro hubaki. Lakini katika kupokezana huko kwa miaka mingi punje chache husogea, na mstari uliokuwa mwembamba hupanuka. Mistari miwili iliyokaribiana hukutana, tumbo la herufi hujaa, na jina la mpenzi huwa waa. Sasa umejua kilichompata mjomba. Karatasi ya mifano huchorwa kwa ajili ya mkono wa miaka thelathini ijayo, hata kama wewe mwenyewe hutaugusa mkono huo.

Kuhusu kuuvuta mstari, mwalimu wangu hakuwa mchora tatuu. Alikuwa bibi mmoja mpakaji hina wa Mji wa Kale, ambaye nilikuwa nikimpelekea mifuko ya hina iliyosagwa kutoka dukani kwa baba. Alinikuta siku moja kibarazani nikichora nanga kwa vidole, ulimi nje, mkono ukitetemeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona waandika barua?"

"Naam?"

"Vidole ni vya kuandikia barua. Ua hupakwa kwa bega. Hebu fungia kiwiko chako, uvute."

Nikafunga kiwiko, nikauvuta mkono wote kutoka begani kuja kwangu, na kwa mara ya kwanza mstari ukatoka mzima. Ndivyo ilivyo: geuza karatasi ili kila mpindo uje upande wako, chovya brashi, ifute ncha ukingoni mwa kichupa, tazama pale mstari utakapoishia wala si pale brashi ilipo, toa pumzi na uvute mara moja. Mstari ukikosea usiupitie tena juu, kwa kuwa utapata mistari miwili iliyokosea. Jaza karatasi nzima kwa mipindo mitupu, siku tatu au nne, kabla ya kuigusa ile nzuri.

Weusi

Mafundi hupima kwa theluthi: theluthi ya weusi, theluthi ya rangi, theluthi ya ngozi iliyoachwa wazi. Si hesabu ya rula, lakini ukiitazama karatasi yako na kuona weusi umepungukiwa, basi umepungukiwa kweli, kwa maana anayeanza huogopa wino mweusi kama anavyoogopa pilipili.

Kivuli huanzia kwenye mstari na kufifia kuelekea nje. Shika brashi mbili kwa mkono mmoja, moja ina wino na nyingine ina maji safi. Weka tone la wino kando ya mstari, kisha papo hapo geuza mkono na uuvute ukingo wa lile tone kwa brashi ya maji, ukitoka kwenye weusi mzito hadi kijivu hadi weupe wa karatasi. Una sekunde chache tu kabla haujashika. Wazee wa kazi hii Marekani hawakutumia maji, walilowesha brashi ya pili mdomoni, kwa kuwa mate ni mazito kuliko maji na hayaukimbizi wino ovyo. Nimejaribu, na ni kweli, kivuli kinatoka laini zaidi. Fanya hivyo kwenye karatasi tu, kwa wino usio na sumu, na mwezi wa Ramadhani tumia maji.

Bawa la mbayuwayu ndilo somo bora. Anza weusi begani, uulete hadi nusu ya kila unyoya, uache ncha nyeupe. Usiwe na haraka ya kuujaza mkia. Ukimaliza weusi, mchoro unapaswa kuwa umekamilika kana kwamba rangi haipo duniani, na kama haujafika hapo, rangi haitaufikisha.

Rangi, na ngozi ya watu wetu

Rangi hupakwa bapa, kutoka kwenye kivuli kwenda nje, nayo haijazi kila mahali. Nyekundu kooni, kijani kwenye majani ya waridi, manjano kwenye bendera au kwenye pambo la tezi, na kwingine pabaki wazi. Ukitaka karatasi ionekane ya zamani, ipitishie chai ya rangi iliyopoa kabla hujaanza, si baada ya kumaliza.

Lakini Jerry alizipanga rangi zake kwa wateja ambao wengi wao ngozi yao ilikuwa nyeupe, na hapa lazima tuachane naye kidogo. Weusi wa ngozi yetu uko katika tabaka la juu, na wino wa tatuu unakaa chini yake, kwa hiyo kila rangi huonekana kwa kupitia pazia la kahawia. Manjano hafifu na nyeupe hupotea kabisa, buluu huonekana kama nyeusi, nyekundu iliyokolea husimama, na nyeusi husimama kuliko zote. Mchoro wa mtu mweusi basi uchorwe mkubwa zaidi, uwe na mistari iliyoachana zaidi, na zile nafasi wazi zifanye kazi ambayo manjano ingeifanya. Njia rahisi ya kujipima ni kuchora karatasi ya pili juu ya karatasi ya kahawia ya kufungia bidhaa, kwa wino mweusi na nyekundu tu. Picha inayopendeza kwenye karatasi nyeupe ikafifia kwenye ya kahawia, ichore upya. Binafsi ningependa kuona vibanda vya Mombasa vikitundika za kahawia peke yake.

Maneno

Jerry na wenzake walizungusha utepe juu ya moyo wakaandika neno la mama kwa Kiingereza. Kwetu maneno ya namna hiyo yana shule kubwa zaidi, nayo ni leso. Pita Mtaa wa Biashara, usimame mbele ya duka lolote la leso, utaona pindo linalozunguka, mji uliobeba picha moja kubwa katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji kwa herufi kubwa zisizo na madaha. Hiyo ni karatasi ya mifano iliyokamilika, na imekaa hivyo kwa zaidi ya karne moja. Chukua mpangilio huo: baura katikati ndiyo mji, kamba iliyoizunguka ndiyo pindo, na chini yake "Nani kama mama", ambalo ni jina la leso analolijua kila mtoto wa pwani.

Kila herufi isipungue kimo cha sentimita moja, na matumbo ya A, B na O yaachwe wazi kupita unavyodhani inahitajika. Mpe mtu mwingine asome kabla ya kutia wino. Mwandishi huona anachokusudia wala haoni alichoandika.

Ikiwa picha itatoka ukutani

Karatasi nzuri itaombwa, na siku moja mtu atataka kuihamishia kwenye bega lake. Zamani fundi alichonga mchoro kwenye kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, akasugua unga wa makaa ndani ya mifereji, akapaka ngozi vaselini na kukandamiza, na mistari ikabaki pale tayari kufuatwa na sindano. Siku hizi ipo karatasi maalumu ya kunakilia. Wewe mpe fundi nakala ya mistari mitupu, bila kivuli wala rangi, katika kipimo kile kile.

Na kabla hujampa, mtazame anavyofanya kazi, kwa maana hapa ndipo urithi wa Jerry unapopimwa kuliko kwenye nanga na mbayuwayu. Sindano itolewe kwenye paketi iliyofungwa, mbele ya macho ya mteja, na ikimaliza itupwe kwenye chombo kigumu. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya mteja mmoja, na mabaki yasirudishwe chupani. Vifaa vinavyorudiwa vichemshwe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzijoto 121 kwa muda usiopungua dakika 15. Kuvisuuza kwa spiriti hakutoshi. Homa ya ini ya aina B na C pamoja na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita katika tone ambalo jicho halilioni. Mji wa New York ulipiga marufuku tatuu kuanzia mwaka 1961 hadi 1997, na sababu iliyotolewa ilikuwa homa ya ini. Fundi akikwambia maji moto yanatosha, chukua karatasi yako uende zako.

Mwambie na mteja mambo mawili ya hapa kwetu. Kidonda kipya hakiingii baharini wala bwawani kwa muda wa wiki tatu hivi, hata kama Nyali iko mlangoni, na jua lisikipate. Tena, mtu ambaye makovu yake huvimba na kupanda juu ya ngozi, hali iliyo ya kawaida zaidi kwa watu weusi, asichorwe kabla hajamwona daktari. Anayetaka picha ya harusi tu apakwe hina halisi, aepuke piko nyeusi, kwani dawa ya nywele iliyomo huweza kuunguza ngozi na kuacha alama ambayo hakuna aliyeiomba.

Kumaliza

Karatasi ikikauka, ibandue kwenye plaiwudi kwa kisu, uandike nyuma mwaka, jina lako, na chanzo cha kila picha: jahazi ulilolitazama, mtu aliyekuruhusu, leso uliyotoa jina. Itie kwenye fremu yenye kioo, lakini usiruhusu kioo kiguse rangi, maana unyevu utazigandisha pamoja. Kisha itundike ukuta usiopigwa na jua, urudi nyuma hatua saba, ufumbe jicho moja. Picha utakayoshindwa kuitaja kwa jina kutoka hapo, itie alama ya penseli pembeni, na kesho uianze upya kwenye karatasi nyepesi.